Namba moja, makosa mawili: bolti za hauzingi kwenye mashine za kusaga za Arusha

Karakana ninayoizungumzia iko Sakina, kando ya barabara ya kwenda Namanga. Inatengeneza mashine za kusaga za nyundo zenye mota ya kilowati 15, zile zinazonunuliwa na watu wa Karatu, Babati na vijiji vya chini ya Meru. Jina lake nalihifadhi. Kilichotokea pale hutokea popote bolti inapokazwa kwa namba iliyonakiliwa mahali bila masharti yake.

Malalamiko yalikuwa kwenye hauzingi za beringi, yaani vikalio vya chuma vinavyoishikilia beringi, mbili kwa kila mashine. Ni hauzingi za kawaida, UCP 210, za shafti ya milimita 50, na mguu wake wa chuma cha kumimina una matundu mawili marefu ya kupitisha bolti za M16. Kwa hiyo ni bolti nne tu, ndizo zinazoshikilia rota, yaani shafti pamoja na nyundo zake, inayozunguka mara 2,900 kwa dakika. Zikilegea, hauzingi inahama, mikanda inalegea, nyundo zinaanza kugonga chekeche, na mwenye mashine anapiga simu kwa sauti ya juu.

Zamani mchoro wa karakana uliandikwa "kaza vizuri", basi. Mafundi walikaza kwa mashine ya upepo mpaka mlio ubadilike. Malalamiko yalipozidi, mwenye karakana alifanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: akanunua spana ya toki, yaani ya kupimia nguvu ya kuzungusha nati, ile inayolia "tak", akatafuta jedwali, akakuta kwamba M16 ya daraja la uimara 8.8 inakazwa takriban nyutoni-mita 220, akaiandika 220 ukutani kwa maka nyekundu. Kijana mmoja akapewa kazi ya ukaguzi: kila mashine kabla haijatoka anapita na spana, kila nati ilie.

Nati zote zikawa zinalia. Na mashine zikaendelea kurudi, safari hii kwa namna mbili. Nyingine zilikuwa zimelegea kama zamani. Nyingine bolti zilikuwa zimekatika kabisa, jambo ambalo enzi za mashine ya upepo halikuwa la kawaida sana.

"Tumeongeza kipimo, tukaongeza na ugonjwa," fundi mkuu aliniambia, akiwa ameshika bolti moja iliyokatika chini ya nati.

Bolti hiyo ilikuwa na habari zake. Ukiichukua bolti ya namna hiyo na kuilaza sambamba na mpya ya aina ileile, nyuzi zikiwa zimeshikana, kisha ukaziinua mbele ya mwanga, nyuzi zinaanza pamoja halafu zinaachana. Ile ya zamani imevutika. Haikukatika kwa uchovu wa mtikisiko peke yake. Ilikwishapita kiwango cha kurudi katika urefu wake siku ile ile ilipofungwa.

Tuanze na 220 yenyewe, maana haikuwa namba ya uongo. M16 ya nyuzi za kawaida ina eneo la kubeba mzigo la milimita za mraba 157. Kwa daraja 8.8, kiwango cha ISO 898-1 kinaruhusu mzigo wa uthibitisho, yaani ule ambao bolti hubeba bila kuvutika moja kwa moja, wa megapaskali 580 kwa bolti za hadi milimita 16, yaani kama kilonyutoni 91. Kawaida tunalenga asilimia 75 ya hapo, kama kilonyutoni 68. Toki inayohitajika hupatikana kwa kuzidisha vitu vitatu: nguvu ya kubana unayoitaka, kipenyo cha bolti, na namba ya msuguano ambayo mainjinia huiita K. Ukichukua K ya 0.2, ambayo ndiyo ya chuma kikavu, unapata 0.2 mara 0.016 mara 68,000, karibu 220. Jedwali lilikuwa sahihi. Lilichonyamazia ni ile 0.2.

Nguvu ya mkono wako unapokaza nati, takriban nusu inaishia kwenye msuguano chini ya nati, asilimia 40 hivi inaishia kwenye nyuzi, na kama asilimia 10 tu ndiyo inayoivuta bolti. Unapima kitu kizima ilhali unachokitaka ni sehemu yake ya kumi. Ukibadilisha kidogo tu hali ya zile tisa, ile moja inaruka mara moja na nusu au inashuka nusu. Hata kila kitu kikiwa sawa, kukaza kwa toki peke yake huacha nguvu ya kubana ikicheza kwa asilimia 25 hadi 30 juu au chini. Watu wanaodhani spana ya toki inapima nguvu ya kubana wanaidai kazi ambayo haikutengenezewa.

Sasa pale Sakina kulikuwa na mafundi wawili wanaofunga hauzingi. Mmoja, mtu mzima, anafunga bolti kavu kama ilivyotoka dukani. Mwingine, kijana aliyetoka gereji ya magari, hawezi kuona bolti kavu.

"Injinia, bolti kavu inakula nyuzi," aliniambia. "Mimi lazima niipake."

Alichokuwa anapaka ni grisi nyeusi ya jointi za magari, yenye molibidenamu. Na kwa tabia ya ufundi hana kosa: grisi inalinda nyuzi, na bolti itafunguka siku ya matengenezo. Lakini kwa grisi ya aina hiyo K inashuka hadi kwenye 0.12. Rudia hesabu ileile kwa 220: nguvu ya kubana inapanda hadi kilonyutoni 114. Bolti ya M16 ya 8.8 huanza kuvutika bila kurudi kwenye kilonyutoni 100 hivi. Kwa hiyo kila bolti ya kijana ilipitishwa mpaka wake na spana ikalia vilevile "tak", mkaguzi akaweka alama ya rangi, mashine ikapakiwa. Za mzee zikawa salama kwa upande huo. Namba moja ukutani, mikono miwili, matokeo mawili yanayopingana. Waliokuwa wanatafuta chanzo kimoja cha tatizo wasingekipata, kwa sababu vilikuwa viwili.

Sikutaka waniamini kwa maneno. Karakana ilikuwa na maikromita ya milimita 50 hadi 75, imefungwa kwenye kisanduku chake na haitumiki sana. Bolti ni springi ngumu. Ukiikaza inarefuka, na ukijua imerefuka kiasi gani unajua imebana kiasi gani, bila kuuliza msuguano chochote. Kwa mkusanyiko ule, ambapo bolti inabana unene wa karibu milimita 40, kilonyutoni 68 zinatakiwa kuirefusha kama milimita 0.11. Kila milimita 0.01 ni kilonyutoni sita hivi. Si kipimo cha maabara, lakini kinatosha kutofautisha bolti iliyobana na iliyolegea au kuvutika kupita kiasi.

Kuna adha moja ndogo ambayo vitabu havikuambii. Kichwa cha bolti kina maandishi ya daraja yaliyoinuka, na maikromita ikikaa juu ya herufi leo na kando yake kesho, kipimo chako ni takataka. Tulizisugua bolti za majaribio pande zote mbili kwa tupa laini mpaka zikawa bapa, tukaweka nukta ya maka pale taya za maikromita zinapotakiwa kukaa. Tukafunga hauzingi ya akiba juu ya kipande kilichobaki cha chaneli, kile chuma cha umbo la U cha fremu ya mashine, fremu ya maikromita ikapita kwa shida kando ya mguu, na tukapima kabla na baada.

Bolti kavu, kwenye chuma kilichosuguliwa, kwa 220: kati ya 0.10 na 0.12. Vizuri kabisa. Bolti za grisi nyeusi, kwa 220: zilipita 0.18, na zilipofunguliwa hazikurudi. Moja ilibaki imerefuka kwa milimita 0.04. Kijana wa grisi alizichukua mwenyewe, akazilinganisha nyuzi mbele ya dirisha, akakaa kimya. Mzee akatabasamu, lakini zamu yake ilikuwa inakuja.

Tukapima hauzingi halisi iliyofungwa na mzee kwenye mashine iliyokwisha kupakwa rangi. Bolti kavu, 220, urefu umeongezeka 0.11. Safi. Mashine ikawashwa, ikasaga mahindi asubuhi nzima, ikazimwa, ikapoa. Tukapima tena bila kugusa nati yoyote. Zilisoma karibu 0.05.

Nati hazikuwa zimezunguka. Mistari ya maka niliyoipiga kutoka kwenye nati hadi kwenye washa ilikuwa bado imenyooka. Nguvu ya kubana ilikuwa imepungua zaidi ya nusu bila nati kusogea hata nywele.

Hapo ndipo hesabu ya urefu inapokuwa na faida kubwa kuliko hesabu ya toki. Bolti nzima imevutika sehemu moja ya kumi ya milimita. Hiyo ndiyo akiba yake yote. Chini ya ile hauzingi kulikuwa na rangi ya kiwandani ya mguu wa hauzingi, kisha matabaka mawili ya rangi ya mafuta kwenye chaneli upande wa juu, na matabaka mengine mawili chini ya nati, yote yakiwa bado hayajakomaa. Rangi laini ikibanwa inatambaa. Ikitambaa milimita 0.05 tu kwa jumla, nusu ya nguvu imeondoka. Ni manati iliyovutwa kwa urefu wa ukucha: ukilegeza kidogo tu, hakuna kitu.

Chini ya nati kulikuwa na mengine. Tundu la chaneli lilitobolewa kwa biti ya milimita 20 ili hauzingi iingie kirahisi. Sawa, kila mtu anafanya hivyo. Lakini uso wa nati ya M16 unaogusa una kipenyo cha takriban milimita 22.5. Kwenye tundu la 20 unabaki na duara jembamba lenye eneo la milimita za mraba 83 hivi la kubeba kilonyutoni 68. Hiyo ni zaidi ya megapaskali 800 juu ya chuma laini cha chaneli, ambacho huanza kubonyea kwenye 490 au karibu. Washa zilikuwepo, ndiyo, zile nyembamba za dukani zinazouzwa kwa kilo. Tulipozifungua zilikuwa zimekuwa visahani, zimezama katikati. Nilizipanga mezani mstari mmoja na hazikuhitaji maelezo.

Kisha chaneli yenyewe. Chaneli za UPN za hadi milimita 300 zina mteremko wa asilimia 8 upande wa ndani wa mabawa yake. Hauzingi ilikaa juu, upande bapa. Nati ilikaa chini, upande wa mteremko, bila washa ya kabari, ile yenye unene wa mshazari wa kufidia mteremko. Kwa hiyo bolti ilikuwa inabanwa huku inapindwa, na nati inagusa upande mmoja tu. Kila aliyewahi kufunga bolti kwenye chaneli anajua hili, na karibu kila mtu hulipuuza kwa sababu washa za kabari haziko duka la jirani. Zinaweza kukatwa na kusuguliwa palepale karakana kutoka kwenye ubapa wa chuma. Ni kazi ya nusu saa.

Mtu atauliza: je, bolti nne za M16 zinatosha kweli kwa mashine hii? Swali zuri, kwa sababu jibu lake lilimwondolea mwenye karakana wazo la kuhamia M20. Hauzingi moja ina bolti mbili. Zikibana kilonyutoni 68 kila moja, na msuguano wa chuma kwa chuma ukichukuliwa kuwa 0.15, hauzingi itastahimili kama kilonyutoni 20 za kusukumwa kando kabla haijateleza. Mvuto wa mikanda kwa mota ya kilowati 15 na puli ya milimita 150 ni kama kilonyutoni moja na nusu tu. Hata rota ikikosa uwiano wa gramu 100 kwenye nusu-kipenyo cha milimita 250, kwa mizunguko 2,900 inatoa kilonyutoni 2.3. Nyundo ikivunjika na kuacha pengo la nusu kilo, inafika kilonyutoni 11.5, na mzigo huo unagawanywa kwa hauzingi mbili. Bado tuna nafasi. Lakini ukishusha nguvu ya kubana hadi theluthi, ukaweka na rangi katikati ambapo msuguano ni mdogo zaidi, ile 20 inakuwa tano au nne, na rota yenye nyundo zilizobadilishwa upande mmoja tu inaanza kuitikisa hauzingi mara 48 kila sekunde.

Na hauzingi ikianza kuteleza, hata kwa kiasi usichokiona, nati inazunguka yenyewe. Hili lilionyeshwa na Mjerumani Gerhard Junker mwaka 1969: mtikisiko wa kando, unaovuka bolti, hulegeza nati haraka kuliko mtikisiko wa kufuata urefu wake, kwa sababu kila mara nyuzi zinapoteleza kando msuguano unaoishikilia nati unapotea kwa muda. Mashine aliyoibuni kupima jambo hilo bado inatumika hadi leo na inaitwa kwa jina lake.

Nililitaja kwa sababu mzee alikuwa na hoja. "Sasa na washa za springi tumeweka za nini?"

Washa ya springi iliyokatwa haikusaidii hapa, mzee. Ikishakazwa imelala bapa. Ikiwa bapa ni washa tu kama nyingine, tena nyembamba na yenye ncha. Inaanza kufanya kazi pale bolti imekwisha kupoteza karibu nguvu yote, na kufikia hapo hauzingi imeshahama. Vipimo vya mtikisiko vya namna ya Junker vimeionyesha washa hiyo haizuii nati kulegea. Nilimshauri aziache zote. Hakukubali siku hiyo, na sikumsukuma.

Turudi kwenye ukaguzi, maana ndio ulioruhusu yote haya yatoke nje ya geti. Kijana wa ukaguzi alikuwa anaweka spana kwenye 220 na kuvuta kila nati mpaka ilie. Nati ikilia anasema imefikia. Kweli, lakini imefikia nini? Nati iliyokazwa kwa mashine ya upepo hadi 300 inalia kwenye 220. Nati iliyokazwa hadi 200 nayo mara nyingi inalia kwenye 220 bila kusogea, kwa sababu msuguano wa kitu kilichotulia ni mkubwa kuliko wa kitu kinachosogea. Nati ya grisi iliyovutwa kupita mpaka inalia. Nati ya rangi ambayo itapoteza nusu kesho inalia leo. Mlio ule hauna uwezo wa kumkamata mkosaji yeyote kati ya hawa. Uwezo wake ni kukamata nati iliyosahaulika kabisa, na hilo si dogo, ila ndilo hilo tu.

Ukaguzi wa maana ni huu: kabla ya kugusa chochote, piga mstari wa maka ukipita nati, washa na chuma. Chukua spana ya toki ya mshale au ya saa, si ya mlio. Vuta polepole upande wa kukaza, macho yako yote kwenye mstari, na usome namba pale nati inapoanza kusogea. Namba hiyo kwa kawaida itakuwa juu kidogo ya ile iliyokazwa. Ikiwa juu sana, mtu alitumia mashine ya upepo. Ikiwa chini, kitu kimetambaa. Na ipimwe muda uleule baada ya kufunga kwa kila mashine, ama sivyo unalinganisha embe na chungwa. Tulipozipima hivyo mashine zilizokuwa tayari kwenye foleni ya kupakiwa, tulipata nati zinazosogea chini ya 120 na nyingine zilizogoma mpaka 250, kwenye mashine moja. Zote zilikuwa na alama ya rangi ya "imekaguliwa".

Kulikuwa na nati ya nne. Upande wa puli, ndani, mguu wa kikinga-mkanda unaziba njia, soketi haiingii. Kijana wa ukaguzi alikuwa anaikaza kwa spana ya kawaida na kuipaka alama kama wenzake. Nilimuuliza kwa nini hakusema. "Nilisema, kaka. Nikaambiwa kaza kwa akili." Nati hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kulegea kwenye mashine nyingi zilizorudi, na ndiyo iliyo karibu na mvuto wa mikanda. Dawa yake ipo: kichwa cha spana cha wazi kinachofungwa mbele ya spana ya toki. Lakini kinairefusha spana, kwa hiyo namba unayoweka lazima ipunguzwe: urefu wa spana ugawanywe kwa urefu wa spana pamoja na kile kichwa. Spana ya milimita 500 na kichwa kinachoongeza 60, ukitaka 150 unaweka 134. Ukikigeuza kichwa kikae pembe mraba, hupunguzi kitu. Njia rahisi zaidi ilikuwa kusogeza mguu wa kikinga-mkanda sentimita chache kwenye mchoro, na ndivyo ilivyofanyika.

Watu wengi pale walitamani spana yenyewe ndiyo iwe na hatia. Ni ya bei nafuu na ilikuwa rahisi kuilaumu. Tuliifunga kwenye jiriwa la karakana, mpini ukiwa umelala sawa, tukaning'iniza kilo 30 kwenye nusu mita, uzito ukiwa umepimwa kwa mizani yenye muhuri wa Wakala wa Vipimo. Hiyo ni 147. Tukazungusha namba mpaka ilie pale. Ilikuwa ndani ya asilimia chache, na ISO 6789 inaruhusu 4 kwa spana za ukubwa huo. Spana haikuwa na kosa. Hata hivyo kipindi cha kawaida cha kiwango hicho ni kuipima kila mwaka au kila baada ya mikazo 5,000. Inapolazwa nayo irudishwe kwenye namba ya chini kabisa. Walikuwa wanaiacha kwenye 220 usiku kucha, na wakati mwingine wanaifungulia nati zilizogoma. Hiyo ndiyo njia ya kuiharibu.

Arusha ina TEMDO, taasisi ya usanifu wa mashine, ina CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, ina Chuo cha Ufundi. Watu wanaojua hesabu ya K si wachache mjini. Kinachokosekana ni hesabu hiyo kushuka mpaka kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani mwa karakana, kwa maneno ambayo fundi wa zamu ya jioni hawezi kuyaelewa vingine.

Nilipendekeza namba ishuke. Wazo la kushusha toki kwenye mashine ambayo bolti zinalegea lilimshangaza mwenye karakana, na alinitazama kama mtu anayetaka kunirudisha nilikotoka. Lakini angalia. Tukiamua kwamba kila bolti inapakwa mafuta mepesi ya mashine kwenye nyuzi na chini ya nati, K yake inakuwa kwenye 0.15, na 150 inatoa kilonyutoni 62, asilimia 69 ya mzigo wa uthibitisho. Fundi akisahau mafuta akafunga kavu, anapata 47: ndogo, lakini bado inashika. Mwingine akipaka grisi nyeusi kwa mazoea, anapata 78: kubwa, lakini bolti haijavutika kupita mpaka. Kwa 220 kavu, kosa moja linakata bolti. Kwa 150 ya mafuta, hakuna kosa la kawaida linaloua. Mimi namba ya toki naichagua hivyo: kwanza naangalia itafanya nini mikononi mwa mtu aliyechoka, halafu ndiyo naangalia jedwali.

Maandishi yaliyokwenda kwenye mchoro, badala ya "kaza vizuri" na badala ya "220", yalikuwa haya, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa:

Bolti M16, alama 8.8 kichwani, isiyo na alama isitumike. Rangi isiwepo chini ya mguu wa hauzingi, juu ya chaneli wala chini ya nati; sehemu hizo zifunikwe kwa gundi-karatasi wakati wa kupaka. Tundu la chaneli milimita 17.5. Washa ngumu ya unene wa milimita 3 juu na chini, na washa ya kabari chini ya bawa la chaneli. Mafuta mepesi ya mashine kwenye nyuzi na uso wa nati, grisi hairuhusiwi. Izungushwe nati, si kichwa. Kaza 60, kisha 110, kisha 150, kwa kupokezana bolti za hauzingi moja. Mashine ya upepo itumike kuleta nati mpaka iguse tu. Piga mstari wa maka. Mkaguzi asome namba ya kuanza kusogea siku hiyohiyo. Inayokubalika ni 140 hadi 180.

Bolti isiyo na alama nililisisitiza kwa sababu lazima uichukulie kuwa 4.6, na hiyo mzigo wake wa uthibitisho ni kama kilonyutoni 35 tu. Utaimaliza ukiwa bado unakaza.

Kulikuwa na pendekezo moja zaidi ambalo lilizua ubishi wa gharama. Bolti fupi haina akiba ya urefu. Ukiweka chini ya chaneli bushi la urefu wa milimita 40, lililokatwa kwenye bomba nene na kukerezwa nyuso zote mbili ziwe sambamba, bolti inakuwa ndefu na kwa nguvu ileile inarefuka karibu milimita 0.18 badala ya 0.10. Chuma kikizama milimita 0.03, unapoteza sehemu ya sita badala ya karibu theluthi. Mwenye karakana alipiga hesabu ya muda wa kukereza mabushi manne kwa kila mashine, akaguna, akakubali mawili: ya upande wa puli. Kwa kweli, kwa mashine isiyo na rangi chini ya mguu, mawili yanatosha kwa sasa.

Kijana wa grisi alihamishiwa kwenye kufunga nyundo na kupima uzito wake, kazi inayohitaji mtu anayejali vitu vidogo. Grisi yake inakaa kwenye beringi, inakostahili.

Zilibaki mashine zilizokwisha kuuzwa. Wazo la kwanza lilikuwa kumtuma mtu na spana azikaze tena zote. Nililikataa, kwa sababu kwa kukaza huwezi kujua ipi ni ya mzee na ipi ni ya kijana. Ile iliyovutika ukiikaza tena unaimaliza, na ile yenye rangi utaikaza leo itambae tena kesho. Kila mashine ilipelekewa bolti nne mpya, washa ngumu, kabari zake, tupa na kopo dogo la mafuta, pamoja na fundi mwenye spana iliyowekwa 150. Rangi ikakwanguliwa hukohuko. Wenye mashine wa Babati walisema mavuno yamepamba moto na mashine haiwezi kusimama siku nzima, hivyo kwao ilifanywa baada ya saa za kusaga, hauzingi moja kwa usiku, upande wa puli kwanza.